Mshika Mnyororo

Ramani sikuzisoma shuleni. Nilizisoma kwa magoti.
Miaka kumi na minane nilishika ncha ya mnyororo,
mpima ardhi na darubini yake chini ya mwavuli,
mimi na panga, upupu na siafu,
nikipaza sauti, "Tayari!"
naye anaandika.
Jina lake liko pembeni mwa ramani.
Langu haliko popote.

Basi wasinifundishe mpaka.

Walikuja Jumanne na mabati ya buluu,
wakazungushia bustani yetu toka mfereji hadi ukumbi wa mtaa,
wakatundika bango: ghorofa kumi na mbili,
na chini yake watu wa kuchorwa, meno meupe,
wanatembea kivulini mwa miti,
miti ileile watakayoikata
ili wapate pa kuijenga picha.

Kijana wa kampuni, shati limenyooka kama rula,
akatandaza karatasi juu ya boneti.
"Bustani inaishia hapa, wazee. Huku ni kiwanja."
Kidole chake kikapita juu ya mkuyu,
juu ya kibobakasi ambamo kwarara hutuamsha kabla ya adhana,
juu ya jukwaa la saruji lenye ufa
ambapo isukuti ililia kila Jumapili ya mwisho wa mwezi,
na Waluo wa nyumba za nyuma wakaja kulalamika
wakaishia kucheza.
Kidole kilipita kama kitambaa kifutacho meza.

Nzilani, muuza uji wa langoni, akauliza:
"Na hapa mama yangu alipofunza wasichana kilumi,
pameandikwaje?"
Kijana akainama, akatafuta kweli, sitamsingizia.
"Hapajaandikwa."
"Ndiyo maana nakuuliza."

Usiku ule sikulala.
Mwaka wa sabini na tatu, mvua ya Aprili,
mimi ndiye niliyesindilia bikoni ya pembe ya mashariki:
bomba la chuma ndani ya saruji,
na chini kabisa, chupa ya soda niliyoivunja kwa jiwe.
Ndivyo tulivyofunzwa.
Chuma huibwa, saruji hubomolewa,
kigae hakina mwizi.

Jumamosi tukapenya palipo pengo la mabati.
Askari wa lango, mtoto wa mtaa huuhuu,
akatupa kisogo akakojoa,
akakojoa muda mrefu sana.
Nikahesabu hatua kutoka mlango wa ukumbi,
nikaongeza mbili kwa ajili ya uzee.
Lihanda mwamba ngoma akashika jembe.
Shimo la kwanza: mizizi, mfuniko wa sufuria,
kiatu kimoja cha mtoto.
Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila tumbo liliuma.
Shimo la pili:
bomba halipo, lilishauzwa kwa kilo zamani.
Saruji, vumbi tu.
Halafu jembe likasema *kli*.

Kijani. Shingo ya chupa, na vipande sita.
Hatua thelathini na moja ng'ambo ya karatasi ya kijana.

Alipofika alipiga picha, akanyamaza, kisha akasema,
"Mzee, kioo si hati."
Kweli, si hati.
Nzilani alivifunga vipande kwenye pembe ya leso
anapofungia pesa ya unga.
Kesi ni tarehe kumi na tisa.
Sijui hakimu atasema nini;
nimeona mahakama zikiamini mihuri
iliyokauka jana.

Jioni binti wa Lihanda alikuja na daftari
wanaloandikia miti, ngoma na waliozikumbuka,
akaniuliza nijiandikishe kama nani.
Kalamu ilinitetemeka.
Nikaandika jina la baba, na la babu, na langu,
nikajaza mstari mzima.

Leo alfajiri nimepita pale.
Kwarara wawili wako ndani ya shimo langu,
wanachokoa minyoo pande zote za mpaka,
wanapiga kelele
kama wenye mali.